Mkufunzi wa Kambini na Mkufunzi wa Kutwa

Katika Kaunti ya Nakuru, anayetaka kuwafundisha vijana kupanda miamba, kusoma ramani na kulala kwenye mahema ana njia mbili: kuajiriwa na kituo na kuishi humo pamoja na wanafunzi, au kuitwa kwa siku na kulipwa kwa siku.

Anayeishi kambini halipi kodi ya nyumba wala hanunui chakula, lakini kazi yake haina saa ya kufunga, kwa maana mtoto anayeumwa na tumbo usiku wa manane humgongea yeye mlango. Faida yake kubwa, nayo kwa maoni yangu hupita mshahara, ni kumjua mwanafunzi: baada ya kula naye na kumwona akichoka, mkufunzi hutambua mapema ni nani atakayeganda kwa hofu ukingoni mwa Menengai, shimo kubwa la volkano, na ni nani atakayejifanya jasiri. Ujuzi huo ni usalama. Mwezi Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba katika korongo la Hell's Gate, na mahali kama hapo kundi lisilomzoea kiongozi wake huenda likachelewa kumtii. Kijana asiye na familia, basi, ningemshauri aanzie kambini.

Mkufunzi wa kutwa hulala kwake na huchagua kazi, jambo linalomfaa mwenye watoto wadogo. Hata hivyo, kazi yake hutegemea sana likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na katika miezi iliyobaki humlazimu kuwa na kipato kingine. Bima nayo, mara nyingi, hujilipia mwenyewe.