HSA na bima ya makato madogo: uzoefu wangu wa miaka miwili

Tangu Januari 2024 familia yetu ya watu wanne, hapa Columbus, Ohio, iko kwenye bima ya kazini yenye makato madogo. Nakatwa dola 290 kwa mwezi badala ya 610 za bima nyingine tuliyoweza kuichagua. Lakini ukiacha uchunguzi wa afya wa kila mwaka na chanjo, bima hailipi kitu mpaka tutoe wenyewe dola 4,000 ndani ya mwaka. Siku ya kuchagua, macho yangu yaliona zile 320 za kubaki mfukoni tu.

Mwezi wa pili mwanangu akateleza kwenye barafu, akavunjika mkono. Bili dola 2,860. Kwenye HSA, akaunti ya matibabu inayoendana na bima hii, mlikuwa na dola 180. Mume wangu alizoea FSA, akaunti ya matibabu ya aina nyingine, ya kazi yake ya zamani, ambayo kiasi chote ulichopanga kwa mwaka unaweza kukitumia tangu siku ya kwanza. HSA haiko hivyo. Unatumia kilichokwisha kuingia, basi. Sikulala usiku ule.

Hospitali ilikubali tulipe kidogo kidogo, nami nikapandisha makato ya HSA hadi dola 300 kwa mwezi. Fedha hiyo hukatwa kabla ya kodi, na matibabu yoyote yaliyofanyika baada ya akaunti kufunguliwa unaweza kuyalipia humo, hata miezi ikipita. Kwa mshahara wangu, kila dola 100 inayopitia HSA inaniokolea kama 20 za kodi ya mapato na michango ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee). Bili tuliimaliza Novemba.

Sasa naipenda akaunti hii. Mwaka ukiisha salio halipotei, na ukihama kazi unaondoka nalo. Kwa 2025 familia iliruhusiwa kuweka hadi dola 8,550. Sisi hatukufika hata nusu. Ila ukichota kwa jambo lisilo la matibabu kabla ya miaka 65, unalipa kodi na faini ya asilimia 20 juu yake.

Linaloniuma ni moja. Mama yangu yuko Tanga, ana kisukari, na HSA haiwezi kumlipia, kwa sababu kwa sheria ya kodi ya Marekani hahesabiki kuwa tegemezi wangu. Yake natuma kutoka mshahara uliokwisha kukatwa kodi. Jino langu mwenyewe nililong'oa huko likizoni lililipika, risiti ninayo.

Kwa asiye na akiba, naona zile 320 lazima ziingie HSA tangu mshahara wa kwanza, kabla mkono haujazizoea. Novemba iliyopita mwenzangu kazini, aliyetoka Bukavu, aliniuliza achague ipi. Mkewe ni mjamzito na akaunti yake haina kitu. Nikamwambia achukue ile ya 610.