Dungeons & Dragons kwenye meza ya mtandaoni: uzoefu wangu wa miaka kadhaa

Tulipomaliza chuo, meza yetu ya Jumapili ya mchezo huu wa hadithi, ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, ilisambaratika: mmoja alikwenda Muscat kikazi, mwingine Toronto kusoma, wa tatu akarudi kwao Arusha, nami nikabaki Dar es Salaam na mfuko wa dadu usio na wa kuzirusha. Tangu hapo tunacheza kupitia huduma ya meza ya mtandaoni, yaani tovuti inayoweka ramani, kete, karatasi za wahusika na dadu katika ukurasa mmoja wa kivinjari. Mimi ndiye msimulizi, yaani mwenye kuongoza hadithi, kwa hiyo usajili naulipia mimi. Wenzangu huingia bure. Siitaji huduma yenyewe kwa jina, kwa sababu kasoro nyingi nitakazozieleza nilizikuta pia katika nyingine mbili nilizojaribu.

Upande wa dadu sina lalamiko. Ukibofya shambulio, mtambo hurusha dadu ya pande 20, huongeza alama za mhusika na kuonyesha jumla mbele ya wote, hivyo ule ugomvi wa dadu iliyoegemea kitabu umekwisha. Kanuni za msingi za toleo la 5 la mchezo pia zimo tayari, kwa kuwa tangu Januari 2023 zinapatikana chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzitumia bure. Rafiki yetu wa Muscat tu ndiye asiyeuamini mtambo: akipata 1 mara mbili hudai seva inamwonea, na siku hizi hurusha dadu zake mwenyewe mbele ya kamera yenye ukungu kiasi kwamba hatuna budi kukubali neno lake.

Tatizo kubwa ni sauti. Mchezo huu ni mazungumzo, na mazungumzo hayavumilii kuchelewa. Usiku mmoja niliwasimulia mlango wa kaburi ukifunguka polepole, kisha nikanyamaza makusudi ili woga uwaingie. Badala ya woga nikasikia, “Oya, upo? Umekatika.” Wote watatu walisema kwa pamoja, wakanyamaza kwa pamoja ili kupishana, wakaanza tena kwa pamoja, na kufikia hapo hakuna aliyekumbuka kaburi. Kichujio cha kelele kilizidisha balaa: kila nilipomwigiza ajuza anayenong'ona, kilimhesabu kuwa feni na kumfuta. Hatimaye tuliizima sauti ya huduma hiyo, tukahamia programu nyingine ya simu za kikundi, tukafunga video, kila mmoja akavaa spika za masikioni ili sauti isirudi, nami nikakizima kichujio kabisa. Sasa feni inasikika, lakini na ajuza pia anasikika.

Ramani zilihitaji kazi ndogo zaidi. Ya kwanza niliipakia ikiwa picha ya PNG yenye megabaiti 24, na mwenzetu wa Arusha, anayetumia bando la simu, alikaa akitazama ukurasa mweupe wakati sisi tumeshaanza kupigana. Nilipoigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha linalobana zaidi, ilishuka hadi megabaiti 2 bila tofauti ninayoweza kuiona. Kipengele cha mwanga, ambacho humwonyesha kila mchezaji kile tu ambacho mhusika wake angeona, ni kizuri sana, ila hesabu yake hufanywa na kompyuta ya mchezaji, na kompyuta kuukuu ya huyo wa Arusha huunguruma kama mashine ya kukoboa. Nimekizima.

Kalenda ya huduma nayo haijui saa zetu. Tukikubaliana “saa 3”, tunamaanisha 21:00 ya Dar, ambayo ni 22:00 Muscat na, kipindi cha baridi Kanada, 13:00 Toronto. Huyo wa Toronto, ambaye ameshazoea kuhesabu kama wenyeji wake, aliwahi kuingia saa 9 mchana kwa hesabu yetu ya Kiswahili, yaani 15:00 ya kwake, akakuta mhusika wake kesha anguka. Siku hizi naandika saa zote tatu.

Kasoro iliyobaki ni kwamba kila kitu kinakaa kwenye seva. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki kuzorota, wahusika wetu walikuwa katikati ya daraja la kamba na karatasi zao zote hazifunguki. Zamu ya mwenzetu wa Arusha niliimaliza kwa simu ya kawaida, nikirusha dadu halisi juu ya stuli huku yeye akikisia alama zake kwa kumbukumbu. Tangu usiku ule, kila tukimaliza kikao, napakua karatasi zote katika PDF na kuzituma kwenye kundi letu. Usajili nitaulipia tena mwaka huu kwa ajili ya ramani na dadu, ila sauti yao sitaiwasha.