Maabara ya kupima kompositi za seramiki: kazi safi, ripoti pungufu

Maabara niliyoipelekea bamba la kompositi (nyenzo mseto) ya silikoni kabaidi, yaani seramiki ngumu iliyoimarishwa kwa nyuzi, ilifanya kazi ya mikono kwa uangalifu mkubwa: kingo za sampuli zilisagwa kwa almasi, vishikio vya mashine vilinyooshwa ili sampuli isipinde inapovutwa, na picha za mahali ilipokatikia ziliambatishwa kwenye ripoti. Lalamiko langu ni moja, nalo ni zito: ripoti inataja nguvu ya nyenzo kana kwamba ukubwa wa sampuli hauna neno.

Seramiki hukatikia penye kasoro mbaya kuliko zote, na kipande kikubwa kina nafasi zaidi ya kuwa nayo, jambo ambalo mhandisi wa Uswidi Waloddi Weibull aliliwekea hesabu mwaka 1939. Kiwango cha C1161 cha ASTM, shirika la Marekani la viwango vya upimaji, kinachohusu seramiki za hali ya juu, kina fito za kupinda za ukubwa tatu. Ufito wa kati una upana wa mm 4 na unene wa mm 3. Ule mkubwa una mm 8 kwa 6, na nafasi kati ya vishikizo vyake ni maradufu, hivyo ujazo unaobeba mzigo ni mara 8. Ikiwa moduli ya Weibull (namba inayoonyesha nguvu za sampuli hutawanyika kiasi gani; ikiwa ndogo, hutawanyika zaidi) ni 10, nguvu inayopimwa itashuka kwa karibu asilimia 19, ingawa nyenzo ni ileile.

Nyuzi ndefu hupunguza athari hiyo, kwa sababu huushikilia ufa na kugawana mzigo, lakini huleta shida nyingine ambayo wapimaji walipaswa kuifikiria kabla ya kushika msumeno. Kitambaa cha nyuzi kina mpangilio unaojirudia. Sampuli nyembamba isiyobeba marudio kadhaa ya mpangilio huo huwa na nyuzi nyingi zilizokatwa kingoni, na matokeo yake hutawanyika. Hakuna aliyeniuliza kitambaa changu kimefumwaje.

Nilipoomba sampuli pana zaidi walikubali mara moja, na mhandisi wao alijibu maswali kwa heshima. Kwa kulinganisha bechi moja na nyingine naipendekeza maabara hii. Anayehitaji namba za kusanifu kipuri kikubwa aandike mwenyewe katika oda upana, unene na angalau saizi mbili za sampuli, kisha adai vipimo hivyo vichapishwe kando ya kila tokeo.