Afande wa tochi: miezi miwili ya kujifua mbio Mtwara

"Wewe binti, umekuja kukimbia au umekuja kupima viwanja?"

Hayo ndiyo niliyoambulia kwa shilingi 80,000 za mama yangu. Nilikuwa nimeazimia nisiandike, maana ukigombana na mtu Mtwara hii utakutana naye sokoni, utakutana naye msibani, na siku ya harusi ya binamu yako utakuta yeye ndiye mgawa pilau. Lakini kila nikikumbuka damu inachemka, basi acha niandike. Jina la mwalimu huyo wa mbio silitaji.

Niliingia kwake msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Nilikuwa najiandaa na usaili wa jeshi. Pushapu nazimudu, vyeti ninavyo, afya namshukuru Mungu. Kilichokuwa kinaniangusha ni mbio. Kilomita ya kwanza tu pumzi imeshakaa kooni. Wenzangu wa mtaani wakaniambia yuko bwana mmoja anafua vijana upande wa Shangani, elfu 40 kwa mwezi, siku 4 kwa wiki, na kila Jumamosi anarusha matokeo kwenye simu za watu: jina, muda wa wiki iliyopita, muda wa wiki hii. Muda wa kila mtu unashuka kama bei ya embe Desemba. Nani asingevutika?

Anataka umwite Afande. Nilimwita Afande mwezi mzima kabla sijaambiwa kwamba alipitia mgambo akaishia hapo. Mgambo si aibu, mjomba wangu ni mgambo. Ila mjomba hajawahi kutudai saluti.

Kipimo chake ni maili 2, yaani kilomita 3.2. Alikitoa kwa Wamarekani, na jedwali lao analo kwenye simu: msichana wa miaka 17 hadi 21 akitaka alama 60 za kupita, amalize kwa dakika 18 na sekunde 54, mvulana wa umri huo, 15 na 54. Jedwali lenyewe ni la kipimo cha zamani ambacho jeshi la Marekani lilishakiacha, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jeshi letu litanipima kwa karatasi ya Marekani. Hilo halikunisumbua. Nilitaka namba ya kuikimbilia, nikapewa.

Siku ya kwanza nikatumia dakika 21 na sekunde 34. Na chai nikaitapika.

Tulikuwa tunaanza saa 10 na nusu alfajiri, na hapo Afande alikuwa sahihi kabisa. Jua la kwetu likishachomoza, na ule unyevu wa bahari, jasho linatiririka bila kukauka, mwili haupoi, mapigo ya moyo yanapanda na muda unaharibika hata kama miguu iko vizuri. Kwa hiyo tulikimbia gizani. Unaondoka kwenye mwembe, unafuata lami mpaka unapoikuta tochi ya kijana wake, unaizunguka, unarudi. Kijana amesimama kimya. Humwoni sura, unauona mwanga tu.

Siku ile ya kwanza, kabla sijaifikia tochi, nilipita pale wanapokaanga samaki. Saa hizo makarai yamelala, lakini harufu ya mafuta hailali. Nakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo iliyonimaliza tumbo.

Basi wiki zikaenda. Dakika 20 na kitu. Kisha 18. Kisha 16 na ushee. Wiki ya nane Afande akaniandikia 15:20. Dakika 6 nimezikata ndani ya miezi miwili! Mama akachinja kuku. Mimi nikawa natembea mjini shingo imenyooka kana kwamba ni mimi, si Simbu, niliyechukua dhahabu ya marathoni kule Tokyo.

Kilichonizindua ni pua. Nimejilaza jioni moja, ikanijia: ile harufu ya samaki, mara ya mwisho niliisikia lini? Nikajituliza, labda kaskazi imeingia, upepo umegeuka. Alfajiri iliyofuata nilipoizunguka tochi nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Hakuna samaki. Nikadondosha kibanio changu cha nywele palepale miguuni pa kijana, kimakusudi, nikarudi zangu.

Mdogo wangu ni saidia fundi. Nikamwomba alete tepu ya mita 50. Jumapili mchana tukaanzia kwenye mwembe, yeye kashika ncha, mimi chaki mkononi, bodaboda wanatupigia honi na kuuliza kama barabara inapanuliwa tuhame. Kutoka mwembeni mpaka mbele kidogo ya makarai, pale tulipogeuzia siku ya kwanza, tepu 31 na nusu. Ilitakiwa 32, hiyo nusu namsamehe. Mpaka kwenye kibanio changu, tepu 26 na kipande. Pigeni hesabu wenyewe. Kwenda na kurudi haifiki hata mita 2,650, na kwenye simu ya mama yangu imeandikwa kilomita 3.2. Ile tochi ilikuwa inatunyemelea wiki hadi wiki kama paka aliyeona dagaa.

Sikwenda kwa shari. Nilingoja mazoezi yaishe, nikamfuata. "Shikamoo Afande. Samahani, nilikuwa na swali dogo kuhusu njia yetu." Nikamwonyesha karatasi yenye vipimo. Hakuisoma. Ndipo aliponiuliza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili kama nimekuja kupima viwanja. Wenzangu wakacheka, hata wale niliowanunulia maji. Nikasema, "Lakini Afande, tochi imesogezwa." Akanigeuzia mgongo, akaongea akiwatazama wao: "Jeshini hawataki vidomodomo. Arudi kwao akabangue korosho na mama yake."

Hapo ndipo naomba mnivumilie kidogo.

Mama yangu anabangua korosho kweli. Ganda la korosho lina mafuta yanayochubua ngozi. Mbanguaji asipojipaka majivu au mafuta mikononi anaungua, na hata akijipaka, vidole vinabaki na madoa meusi miaka yote. Ile 80,000 ilitoka kwenye vidole hivyo, punje kwa punje, na nzima zina bei, zilizovunjika hazina. Afande aliipokea bila kuuliza imebanguliwa na nani. Leo imekuwa tusi. Natetemeka hapa ninapoandika.

Kwa hiyo nyota: sifuri. Msiende. Mwenye mtoto anayejiandaa na usaili amfungie ndani.

Sasa inakuja sehemu inayoniudhi kuliko yote, na nimefikiria kuificha.

Wiki ile ile, kwa hasira, nilikwenda na mdogo wangu alfajiri, nikamsimamisha kwenye alama ya tepu ya 32, tochi mkononi. Kilomita 3.2 za haki. Nilijua nitarudi kwenye dakika 21 zangu na aibu yangu. Nikakimbia. Saa ya simu ikasema 19:21.

Nikakaa chini ya mwembe sina la kusema. Dakika 2 na zaidi zimeondoka kweli, tena kwenye njia ndefu kuliko ya siku ya kwanza. Mwongo yule alinifundisha kukimbia.

Na nikiwa mkweli, mazoezi yake yalikuwa mazuri. Jumanne alitupeleka kwenye uwanja wa shule, mita 400 mara sita, kila moja kwa dakika 2 na sekunde 10, katikati unatembea dakika 2 pumzi irudi. Alitufanyia hesabu mchangani kwa kijiti: ukitaka 18:54, maili 2 ni mizunguko minane, kila mzunguko dakika 2 na sekunde 21, hakuna uchawi, basi ukizoea 2:10 kwa vipande, 2:21 itakuwa kama unakwenda dukani. Alhamisi mwendo wa pole wa dakika 40, na sheria yake ni kwamba lazima uweze kupiga umbeya huku unakimbia. Ukishindwa kuongea, umeharakisha. Niliona ni kupoteza muda. Kumbe zile dakika 40 za umbeya ndizo zinazojenga pumzi. Mara mbili tatu tulikwenda Mikindani, tukapandishwa kile kilima cha Boma la Wajerumani, juu kwa kasi, chini kwa kutembea. Mapaja yalilia, lakini ndiyo yaliyonibeba.

Alinirekebisha pia kosa langu kubwa. Mimi nilikuwa natoka kama risasi. "Wewe si Filbert Bayi," aliniambia. Bayi mwaka 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo mpaka utepe, akaweka rekodi ya dunia. Sisi wengine tukijaribu hivyo tunafika nusu tunatembea. Nikajifunza kuanza taratibu, nusu ya pili iwe ya kasi kuliko ya kwanza. Hilo peke yake lina thamani ya elfu 40. Nimesema, na ulimi umeniuma.

(Mchanga wa ufukweni maji yakiwa yamekupwa, hapana. Alitukimbiza humo pekupeku wiki mbili mfululizo, mifupa ya muundi ikaniuma mpaka nikashindwa kushuka ngazi. Nilipomwambia akasema ni uvivu unatoka. Sikutoka uvivu, nilitoka machozi. Ilipona nilipopumzika siku nne na kubadilisha raba za mtumba zilizokuwa zimekwisha soli.)

Sasa niambieni, kwa nini alisogeza tochi? Mtu ametoka 21:34 akafika 19:21 ndani ya miezi miwili, hiyo si sifa? Angerusha namba hiyo, mama angechinja kuku yule yule. Lakini namba za kweli zinashuka sekunde 10, sekunde 15, wiki nyingine hazishuki kabisa, na wateja wanataka embe za Desemba. Mwenzetu mmoja, kijana mwema sana, alikwenda kwenye mchujo akiamini kabisa muda alioandikiwa. Akaanza kwa kasi ya muda huo. Njia ya huko haikuwa na tochi ya kusogea. Alitembea robo ya mwisho, na alipomaliza meza ilikuwa imeshafungwa. Huyo Afande alimrushia ujumbe wa pole. Pole!

Nilikuwa nataka kupandisha nyota mpaka tatu kwa sababu ya zile mita 400. Nimemkumbuka yule kijana, nimezirudisha. Mbili. Au moja na nusu kama inawezekana kuikata.

Siku hizi nakimbia na mdogo wangu, tepu 32, Jumanne vipande, Alhamisi umbeya. Juzijuzi nilipiga 18:41. Hakuna aliyeirusha popote, imeandikwa kwa chaki ukutani nyuma ya jiko letu, na mama kila akipita na ungo wake anaisoma kwa sauti ingawa anajua haijabadilika.

Wiki iliyopita akaja mtu mlangoni, kijana mrefu, mpole, sikumtambua mpaka alipoongea, maana sikuwahi kumwona mchana. Ndiye yule wa tochi. Akasema, "Dada, mimi nilikuwa naambiwa tu simama hapa, leo simama pale." Naye anataka kuingia jeshini, na miezi yote ile alikuwa amesimama, hajakimbia hata hatua. Akauliza kama anaweza kuja kesho alfajiri.

Nikamwambia aje, saa 10 na nusu, pale mwembeni. Tochi aiache kwao.

Na Afande, kama unasoma: elfu 40 ya mwezi wa pili naidai.