Kliniki ya wajawazito, Kigoma mjini: maoni baada ya mahudhurio sita

Nimehudhuria kliniki ya wajawazito ya kituo kimoja cha afya cha serikali hapa Kigoma mjini tangu mimba yangu ilipotimiza wiki 14. Kinachonirudisha kila mwezi si jengo, lenye mabenchi mawili na kivuli cha mwembe, bali ni muuguzi anayejua kutenganisha tatizo linalowapata wengi na lile la kukimbiziwa hospitali.

Hudhurio la kwanza alivuta kope langu la chini, akatazama, akanituma maabara. Damu ikasoma 9.6, ilhali mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Nililia. "Mama, hauko peke yako," aliniambia, kisha akanieleza kuwa kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani zaidi ya theluthi moja ya wajawazito duniani wana upungufu wa damu, na kwamba kwetu malaria huuzidisha. Alinipa vidonge vya kuongeza damu pamoja na onyo ambalo sikuwahi kulisikia kwingine: nisivimeze kwa chai, kwa kuwa chai hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, wala nisishtuke nikiona choo cheusi. Vidonge vya SP, vya kukinga malaria, nilivimeza palepale, mbele ya macho yake. Hudhurio la nne damu ilifika 11.2.

Nilipolalamikia kuvimba miguu, alibonyeza kidole gumba juu ya kifundo, akakiondoa, tukatazama shimo likijaa polepole. Uvimbe wa jioni unaopungua ukilala, alisema, ni wa wengi. Lakini uso ukivimba, kichwa kikiuma bila kutulia au macho yakiona vimulimuli, nisingoje tarehe ya kliniki. Hizo ni dalili za presha ya mimba inayotangulia kifafa, ambayo huanza zaidi baada ya wiki 20 na hupata mimba 2 hadi 8 katika kila 100. Kichefuchefu na kiungulia alivipitia kwa mkato, nami sikumlaumu, maana migebuka ya mawese ya saa tatu usiku nilijipikia mwenyewe.

Kasoro kubwa ni vifaa. Mara mbili niliambiwa vijiti vya kupimia mkojo vimekwisha, nikalipia kipimo hicho maabara ya mtaani, ingawa ndicho kinachoonyesha protini pale presha inapopanda. Siku nyingine nilipimwa presha nikiwa bado nahema kwa kupanda kutoka Kibirizi, ikasoma 142/90. Nilipotulia nusu saa ikarudi 118/76, lakini ilinibidi niombe mwenyewe kupimwa upya.

Mdogo wangu, mwenye mimba ya miezi mitatu, nimemwandikisha hapohapo, ila nimemwambia aulizie vijiti kabla ya kushika foleni.