Pipa dogo la mwaloni katika joto la Malindi: uzoefu wangu

Ninasimamia baa ya nyumba ya wageni hapa Malindi, na pipa la mwaloni la lita 2 tulilolinunua nalisifu hasa kwa kazi moja, nayo ni kukomaza Negroni, kokteli chungu ya Kiitaliano. Mji huu una Waitaliano waliokaa miaka mingi, na kinywaji hiki, ambacho husimuliwa kuwa kilianzia Florence mwaka 1919, wanakijua tangu ujana wao, kwa hiyo mabadiliko yoyote hupimwa na ndimi zenye uzoefu.

Aliyeipa mbinu hii umaarufu ni Jeffrey Morgenthaler, wakati huo wa baa ya Clyde Common mjini Portland, Marekani, ambaye karibu mwaka 2010 alianza kujaza mapipa kwa kokteli zilizokwisha kuchanganywa, baada ya kuonja London zile ambazo Tony Conigliaro alikuwa akizikomaza ndani ya chupa za kioo. Ndani ya kioo vinywaji huzoeana tu. Mbao iliyounguzwa upande wa ndani huongeza harufu ya vanila na ukakasi wa tanini, huku hewa kidogo inayopenya ikiilainisha vamuthi, yaani divai iliyotiwa mitishamba. Kwa pipa letu mimi huchanganya jini, Campari (kileo chekundu kichungu cha Kiitaliano) na vamuthi nyekundu, takriban mililita 650 kila kimoja, bila barafu na bila maji ya matunda, kwa sababu ndimu au chungwa lililokamuliwa huharibika likikaa humo.

Kabla ya hapo pipa lazima lijazwe maji mpaka mbao zivimbe na kuziba nyufa. Jambo hili wengi hulipuuza, kisha wanalaumu pipa kwa kuvuja.

Kuhusu muda, sikubaliani kabisa na kikaratasi cha maelezo kilichokuja na pipa. Kinataja majuma sita, bila kuuliza pipa litakaa wapi. Pipa dogo hukigusa kinywaji kwa mbao nyingi kwa kila lita kuliko pipa kubwa, na joto hukifanya kinywaji kizame ndani ya mbao kwa kasi zaidi. Wakati wa kaskazi, hata katika stoo yenye kivuli, Negroni yetu ilikuwa tayari kabla ya nusu ya muda huo, na ningeiacha ingekuwa na ladha ya mbao tupu. Wakati wa kusi mwendo hupungua kidogo. Ninamsihi kila mtu wa Pwani aonje kijiko kimoja kila baada ya siku chache tangu juma la kwanza, na ukali wa Campari unapopoa huku mwisho wa funda ukibaki mkavu, amimine yote kwenye chupa safi, kwani ndani ya kioo mbao haiongezi kitu tena.

Viungo vyetu siviingizi ndani ya pipa. Karafuu ikishapenya kwenye mbao haitoki, na kila kinywaji kitakachofuata kitanukia karafuu. Kwa viungo ninatumia mtungi wa kioo wenye mfuniko: punje sita za iliki zilizopasuliwa hutosha chupa moja ya wiski kwa siku moja au mbili, kisha huchujwa, na wiski hiyo ikitiwa sukari kidogo, matone ya bita (dondoo chungu ya mitishamba) na ganda la chungwa hutoa Old Fashioned ambayo mimi binafsi naipenda kuliko ile ya asili. Vodka niliyoiloweka tangawizi na mchaichai huenda kwenye dawa, ile kokteli ya Kenya ya ndimu na asali, ambavyo huongezwa wakati wa kuiandaa tu.

Kasoro ya pipa hili ni bilula yake ya mbao, ambayo hulegea na kudondosha matone hata baada ya mbao kuvimba. Muuzaji angepaswa kuuza pamoja nayo nyingine ya akiba. Harufu ya Campari nayo imebaki humo, kwa hiyo mzunguko ujao nitaweka Manhattan, ambayo wiski na vamuthi yake haviumizwi na uchungu kidogo, na nitaipa muda mrefu zaidi kwa kuwa mbao iliyokwisha kutumika hutoa ladha polepole.