Tepu ya mita 5 yenye inchi na sentimita pamoja: chuma safi, ila itakugombanisha na msaidizi wako

Nimekaa na hii tepu muda wa kutosha, kazi za mbao zaidi na vyuma kidogo, na maoni mengi niliyoyasoma kabla ya kuinunua yanasifia kitu kimoja tu: ina inchi ukingo wa juu na sentimita ukingo wa chini, eti unapata tepu mbili kwa bei ya moja. Mi hapo ndo nina neno.

Tuanze na mwili wake maana hauna maneno mengi. Ulimi una upana wa milimita 25, mgumu, ukiuvuta hewani haudondoki hovyo, loki inashika vizuri na rangi ya namba haijaanza kufutika. Ile ndoano ya mbele inacheza kidogo, tafadhali usiigonge na nyundo ukidhani imelegea. Imeachwa hivo makusudi, inacheza kwa kiasi cha unene wake yenyewe, ukiinasa kwenye ncha ya ubao inavutika mbele, ukiisukumiza kwenye kona ya ndani inarudi nyuma, kwahiyo vipimo vyote viwili vinatoka sawa. Mwanzoni mwa ulimi imeandikwa II kwa kirumi, hiyo ni daraja la usahihi la Ulaya, maana yake kwenye mita 5 nzima inaruhusiwa kukosea milimita 1.3 tu. Kwa makabati inatosha kabisa.

Sasa shida. Kwenye tepu ya milimita tupu namba na vistari vipo kingo zote mbili, ukiwa upande wowote wa ubao unaweka penseli unachora, umemaliza. Hii hapa kila mfumo una ukingo wake mmoja, kwahiyo kama unafanya kwa sentimita na ukingo wa sentimita ndo umekutazama wewe tumboni wakati alama unaitaka upande wa pili, inabidi uuzungushe ulimi au uburute jicho kuvuka upana wote, na ulimi wenyewe umepinda, hapo ndo milimita moja au mbili zinapopotelea. Ukirudia kwa vipande kumi utaona milango haifungi.

La pili ni watu. Wewe unapima unaita "themanini na tatu na nusu", mwenzako kwenye msumeno kaangalia ukingo wa juu. Sentimita 83.5 na inchi 83.5 ni vitu viwili tofauti kabisa, huo wa inchi ni zaidi ya mita 2, huo angalau utaustukia haraka. Hatari ni zile namba ndogo ndogo, na hatari kubwa zaidi ni wale wanaobadilisha kichwani kwamba futi moja ni sentimita 30, kwa sababu rula za shule zina 30 upande mmoja na 12 upande mwingine basi watu wanaona ni kitu kimoja. Futi ni sentimita 30.48. Kwenye futi 8 umeshapoteza karibu sentimita 4, nenda kaelezee hiyo sentimita 4 kwa mwenye kabati.

Na sio mafundi wa mbao tu bana. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta angani kwa sababu Kanada ilikua inahamia kwenye metriki na hiyo ndege ilikua inahesabu mafuta kwa kilo, ila waliojaza walipiga hesabu ya lita kwa namba ya ratili, ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa. Rubani akaielea bila injini mpaka Gimli, mji wa huko huko Kanada, na hakuna aliyekufa. Hesabu ilikua sahihi, kipimo ndo kilikua cha mfumo mwingine.

Najua watu wa inchi watakuja, na wana hoja, siwakatalii. Kugawa mbili mbili inchi ni tamu, nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita, jicho linazoea. Futi yenye inchi 12 inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila mkia. Lakini jaribu hii: una kipande cha inchi 23 na 7/16, unaongeza kingine cha 15 na 5/8, jumla 39 na 1/16, afu gawa mara tatu. Inakuja 13 na 1/48. Hiyo 1/48 niambieni ipo wapi kwenye tepu? Kwa milimita ni 992 gawa kwa tatu, unachora 330 na kitu, unaendelea na maisha.

Halafu kuna jambo wabishi wengi wa inchi hawalitaji, inchi yenyewe inasimama juu ya mita. Tangu makubaliano ya 1959 kati ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, inchi ni milimita 25.4 kamili, basi, na Marekani walishaifunga yadi yao kwenye mita tangu 1893. Yaani ile timu nyingine mechi yao inachezewa uwanja wetu.

Ila sitasema tupa inchi, maana vitu vinakuja nazo. Bomba la chuma la nusu inchi ukilipima kwa nje ni milimita 21.3, hiyo nusu ni jina tu, huwezi kuipata na tepu ya aina yoyote. Tairi la 205/55 R16 limechanganya yote kwenye mstari mmoja, upana kwa milimita na rimu kwa inchi, na hakuna anayegombana. Nati ya spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, ukiivamia na spana namba 13 inaingia vizuri tu mpaka pale utakapokaza kwa nguvu, kona zinaliwa na unabaki na kitu cha duara. Kwahiyo ukingo wa inchi nautumia kutambua nilichonunua, basi, nikianza kukata nahamia milimita na siruhusu mtu aite namba bila kutaja kipimo. Kwenye hii tepu nimebandika utepe mweusi juu ya inchi kwa ile mita ya kwanza, inasaidia.

Alama yangu 3.5 kati ya 5. Chuma nakipa 5, mpangilio wa namba 2. Kama we ni mtu wa kupima pazia, kioo cha tivii na vitu vya nyumbani chukua tu, itakufaa sana. Kama unakata vipande vingi vya kufanana na mnafanya kazi wawili, tafuta ya kampuni hiyohiyo yenye milimita kingo zote mbili.